Kukaa Kabla ya Kuchoka

"Nani atanichungia nafasi, nikae kidogo?"

Tulikuwa kwenye foleni ya basi la kwenda Cibitoke, hapa mjini, siku hizi za uhaba wa mafuta. Aliyeuliza ni mama aliyevaa vizuri, mkono mmoja akiuweka mbali na ubavu kana kwamba kuna kitu kinamuunguza hapo.

"Mama, nani hapa hajachoka?" alisema mbeba mizigo wa bandarini. "Mi nabeba magunia tangu asubui."

"Uchovu yako inaisha ukilala, papa. Mi niko mu matibabu ya mionzi ya kansa ya titi, na viungo vinavimba tangu zamani, baridi yabisi. Nalala, naamka, uchovu nao unaamka. Muganga alisema nikae mbele ya kuchoka, si kisha kuanguka."

"Lakini bado unasimama muzuri!" alicheka dada mmoja.

Mama akaenda kukaa kwenye ukingo wa barabara. Basi lilipofika akarudi, watu wa foleni wakamzuia. "Ulitoka mwenyewe!" Nilibishana nao nikimtetea mpaka mlangoni, kwa hoja nzuri kabisa, kisha nikapanda. Dirishani nilimwona akikanda magoti.

Kwenye bomba la maji, mji huu huu unaheshimu bidoni, yaani dumu tupu: mwenyewe anakwenda zake, bidoni inamshikia zamu, na hakuna anayeigusa. Binadamu mgonjwa lazima aanguke kwanza ndipo tumwamini.

Ningeweza kumpa nafasi yangu. Sikumpa, na ninajuta.

Msomaji, mtu akikuambia amechoka, tafadhali mwamini akiwa bado amesimama.