Panya Niliowaficha

Mimi ni mtu wa mdomo. Dukani kwangu Mwembesongo, ninapouza vitenge, mteja akinizingua namjibu papo hapo. Kwa hiyo hadi leo sielewi ni nini kilichonifunga ulimi mbele ya kaka yangu.

Kaka alikuwa analima kabichi na karoti huko juu, Uluguru. Alianguka kutoka kwenye mfenesi, akaumia uti wa mgongo, shingoni. Mikono na miguu ikakataa, pumzi ikabaki ya kuungaunga. Nikamchukua, nikamlaza chumba cha mbele nyumbani kwangu. Hospitali walitupa zoezi moja: apulize kwa mrija ndani ya chupa ya maji mpaka mapovu yatoke, asubuhi na jioni, ili kifua kisilegee na makohozi yasigande. Alilichukia. "Mtu mzima napuliza maji kama mtoto!" Nami nikimshikia mrija nilimfokea, "Puliza, kaka, usiniletee mambo!" Anapuliza.

Siku moja nikasoma kwenye simu kwamba wataalamu wamechukua seli changa za neva, wakazipandikiza kwenye uti wa mgongo ulioumia, na msuli wa kupumulia ukaanza kufanya kazi tena. Nilikimbia chumbani hata kandambili sikuvaa. "Kaka, siku hizi wanapandikiza!"

Neno hilo lilimwingia mkulima. "Wanapandikiza? Kama miche?"

"Kama miche."

"Wanaitoa kitalu gani?" Akacheka, jamani, mpaka pumzi ikamkatika. Tangu aanguke sikuwa nimemsikia akicheka. Na habari ilikuwa imesema wazi kabisa: panya. Waliopata nafuu ni panya, huko maabarani. Neno lilikuwa mdomoni. Nikalimeza.

Wiki iliyofuata nilipomletea mrija akafumba mdomo. "Shamba linalongoja miche si unalipumzisha kwanza? Acha kifua kipumzike mpaka hao watu waje." Nilidhani utani. Kesho yake vilevile. Ningeweza kuumaliza ubishi kwa neno moja, lakini alikuwa ameanza kupanga mambo, nani amlimie lile shamba la juu, mbegu gani inunuliwe, nami sikuwa na moyo wa kumnyang'anya. Nikaacha kumletea mrija. Nilijiambia namhurumia. Huruma gani! Ulikuwa uoga mtupu.

Masika makohozi yakamjaa kifuani, tukamkimbiza hospitali. Daktari akauliza kama tuliendelea na zoezi. Kaka akajibu mwenyewe, neno mojamoja: "Nilikuwa... nasubiri... miche." Daktari akanitazama mimi. Alipotoka nikamwambia kaka ukweli huku nalia. Walikuwa panya, kaka. Kwa binadamu bado wanajaribu, na huku kwetu hakuna mtu anayekuja.

Hakunigombeza. Heri angenitukana. Alitafuta pumzi, kisha akasema, "Ungeniambia, mdogo wangu, ningepuliza."

Alifariki siku ya tatu. Msibani, nyumbani milimani, akina mama walinishika mikono mmoja mmoja: umemtunza kaka yako, Mungu akulipe. Nikawaitikia wote, "Amina."