Neno la Kizamani Ubaoni

Kamusi yangu ya kwanza ya Kiingereza haikuwa na jalada. Baba alipewa na mwalimu mstaafu pale Ihanja, kurasa zimeliwa na mchwa, na maneno mengi ndani yake hata Waingereza wenyewe wameshayatupa. Mimi niliyashika bila shida. Byre ni zizi. Winnow ni kupepeta. Yangenishindaje, wakati asubuhi nimetoka zizini na jioni napepeta uwele? Wao waliyatupa kwa sababu waliacha kazi zenyewe. Sisi hatujaacha.

Mwaka huu nikaitwa kwenye usaili wa ualimu, shule moja ya kulipia mjini Singida. Tangu nimalize chuo nilikuwa nalima tu, na kazi ile niliitaka mno, sifichi. Nikapewa darasa la sita nifundishe, mkurugenzi, mama mmoja, ameketi nyuma akinitazama.

Nikaandika ubaoni: glean. Nikawaeleza kwamba ni kuokota masazo. Mwenye shamba akishavuna, unampa shikamoo, unaomba, ndipo unaingia kuokota masuke yaliyobaki.

Binti mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, bibi yangu wa Mungaa anafanya hivyo."

Nilifurahi. Mkurugenzi hakufurahi.

"Hilo neno la kizamani, mwalimu. Limeshakufa. Wazazi hawaleti watoto hapa wajifunze mambo ya kuokotaokota. Futa, wafundishe maneno ya uwanja wa ndege."

Darasa likacheka. Yule binti akainamisha kichwa, na hapo ndipo hasira iliponipanda. Mwaka mmoja nilipokuwa mdogo, mvua ilikatika mapema, na mama yangu alitulisha watoto watano kwa masazo ya mashamba ya watu. Hakuiba, wala hakumpigia mtu magoti.

"Samahani, mama, halijafa," nikasema. "Mama yangu ameifanya kazi hiyo, na bibi yake huyu anaifanya mpaka leo. Sifuti."

"Ukitaka kazi hapa, futa."

Niliitaka. Yule binti alikuwa ameinua kichwa kuona nitafanya nini. Nikaweka chaki mezani, nikamwambia jibu lake ni sahihi kabisa, nikatoka.

Kazi sikupata, na alizeti ndiyo inayonilisha mpaka sasa. Ila neno lile sikulifuta mimi. Alifute aliyeshiba.