Siku za Giza Hatukwendaga Shule

Mwaka 1982, nikiwa na miaka kumi, ndipo shida ilipotukuta kisiwani Rukuba. Sabuni ilipotea dukani, khaki ikapotea, nyuzi za nyavu zikapotea. Nyavu za baba zikachanika hivyohivyo, akawa kibarua kwenye mtumbwi wa mtu, analipwa dagaa wabichi.

Nyie wa rika langu mnajua. Dagaa wanavuliwa kwa taa, siku ambazo mwezi haupo. Siku hizo tunaziita giza. Giza likiingia, kila asubuhi watoto wa vibarua tuko mchangani: tunaanika, tunageuza, tunafukuza kunguru. Mwezi ukirudi ndipo tunarudi darasani, miguu imejaa magamba, na watoto wa wenye mitumbwi wanaziba pua: "Wageni wamefika!" Kujumlisha nilikukuta. Kutoa kulifundishwa nikiwa mchangani.

Mdogo wangu Nyabise nilisoma naye darasa moja, maana mimi nilichelewa kuanza. Kichwa alikuwa nacho yeye. Sasa mtihani wa darasa la nne ukaangukia katikati ya giza, na asiyefanya anafutwa jina. Mwalimu Bhoke akaja mwenyewe ufukweni, viatu mkononi.

"Mama Nyabise, hawa watoro wako nitawaona lini?"

"Watoro? Karibu, Mwalimu. Inama hapo ugeuze, jua halitusubiri."

Mwalimu akainama. Akageuza safu nzima, akanyooka ameshika kiuno. "Basi nipe hata mmoja," akasema.

Mama akatutazama. Nikawahi mimi: "Aende Nyabise. Fungu lake nitageuza."

"Na wewe je?"

"Mimi hata kutoa sijui, Mama. Niende kufanya nini?"

Mama akacheka, halafu akageuka upande wa ziwa. "Haya, Nyabise, nenda na Mwalimu."

Nyabise alifaulu. Siku hiyo nilijisikia kama mtu aliyetua gunia kichwani. Jina langu lilifutwa, sawa. Lakini tangu hapo, kila giza, Mwalimu alikuja jioni dagaa wakishakusanywa, akatufundisha palepale, anaandika mchangani kwa kijiti. Kutoa nilikujulia hapo, na biashara ilipofunguliwa nikaanza kuuza dagaa mwenyewe, hapakuwa na mchuuzi wa soko la Mwigobero wa kunipunja.

Wajukuu zangu wana viatu, wana madawati. Mvua ikinyesha kidogo: "Babu, leo matope." Matope! Nawacheka, wanacheka, wanakwenda. Sisi tulisubiri mwezi, wao wanasubiri kengele tu. Nikiwaona wanapotelea kwenye kona, moyo wangu unatulia kabisa.

Leo nina mitumbwi miwili. Nina nyumba ya bati mjini, Mukendo. Nina chanja za kuanikia Rukuba, na watu wazima ninaowalipa kugeuza. Nina mdogo wangu, mwalimu mkuu. Mtoto wa kugeuza dagaa saa za shule, sina hata mmoja.