Kiganja cha Maharage Meusi

Katika nyumba niliyoolewa, kule Mamba, mkamwana hakuwa na jiko lake mpaka apewe mafiga. Mafiga yenyewe yalikuwa mawe ya kawaida tu ya korongoni, lakini aliyeyaokota alikuwa mama mkwe, na hakuyaokota mpaka aridhike. Hadi hapo ulipikia kwenye jiko lake, kwa chungu chake, na yeye ndiye aliyesema upakue saa ngapi na umpakulie nani kwanza. Mke wa shemeji yangu mkubwa aliishi hivyo mpaka akazaa mtoto wa pili.

Mimi nilitoka Misunkumilo, pembeni mwa mji wa Mpanda, ambako mama yangu alipika alichotaka na hakuna aliyemuuliza. Mwaka ule, katikati ya miaka ya tisini, alituma ujumbe kwamba mpunga ukishavunwa atakuja kunitazama. Bila mafiga yangu mwenyewe, mama asingekula chakula kilichotoka mkononi mwangu. Angekaribishwa na mama mkwe, angekula cha mama mkwe, nami ningepita na maji ya kunawa kama binti wa kazi. Nilitaka mafiga kabla hajafika. Sikuwa na haja nyingine kubwa kuliko hiyo.

Mama mkwe hakusema atanipima lini. Lakini ilipokaribia zamu yetu ya kikundi cha kupandikiza mpunga, aliniambia kwamba safari hii chakula cha kikundi nitapika mimi, yeye atakuwa jarubani, kwenye vipande vya shamba la mpunga, na wenzake. Wifi yangu, mdogo wa mume wangu, alinitazama kwa macho makubwa. Alinieleza baadaye, tukiteka maji, kwamba hata mke wa kaka yake mkubwa alipewa mafiga baada ya chakula cha kikundi. Chakula cha kwanza alichokipika hakikupendeza, akasubiri mwaka mwingine.

Kikundi kilikuwa na sheria zake na kila mtu alizijua. Watu waliingia jarubani alfajiri. Jua likifika utosini waliinua migongo, wakanawa kwenye mfereji, wakakaa kwenye tuta. Wakikuta chakula, walikula na kurudi kumalizia. Wasipokikuta, walichukua vitu vyao wakaenda zao, na miche iliyokwisha kung'olewa ilibaki imefungwa mafungu mafungu inakauka. Hakuna aliyegombana na mwenye shamba. Walikumbuka tu ni chungu cha nani.

Nilipanga kupika maharage mazito yenye mboga na pilipili, ya kula na ugali. Mtu aliyeshinda ameinama majini anataka kitu cha kushika tumbo na kuchemsha damu. Maharage nilikuwa nayo, ya njano, ya mavuno yaliyopita, mama alinitumia kutoka Mpanda. Nilikuwa nimekwisha kuyajaribu. Yalikuwa laini, hayakuhitaji kulowekwa, na yaliiva kabla kuni za kwanza hazijaisha. Nilipata vitunguu, nyanya, nyanya chungu, majani ya maboga yaliyokuwa yamejaa uani kwa mvua, na mawese. Pilipili kichaa nilizichuma jioni ya kuamkia zamu nikazianika juu ya ungo.

Alfajiri niliyachambua maharage, nikayaosha, nikayabandika. Maji yalikuwa yameanza kutokota mama mkwe alipoingia jikoni, jembe begani, khanga imefungwa kiunoni tayari kwa kwenda jarubani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefumba. Aliufungua juu ya chungu, na kiganja kizima cha maharage meusi kikaingia.

Hiyo nayo ilikuwa desturi ya nyumba ile. Mama mwenye nyumba hakuacha chungu cha kikundi kipikwe bila kutia humo chakula cha akiba yake, ili cha zamani kikutane na kipya na ghala lisikatike. Aliyatoa kwenye mtungi uliokuwa juu ya dari, ambamo aliyahifadhi kwa majivu. Niliyaona yakizama. Yalikuwa yamefubaa na kujikunja, na majivu yaliyashika kwenye mikunjo. Sikujua yalikuwa ya mwaka gani. Nilijua tu kwamba hayakuwa ya mwaka jana wala wa juzi.

Nilisema asante, mama. Akaitikia na kuondoka.

Mpaka leo watu hunishangaa ninapochambua maharage ya umri tofauti na kuyatenga. Haragwe likikaa miaka, ganda lake hufunga na moyo wake huwa mgumu, na moto wa kuivisha jipya haulifikii. Siku hizo sikujua sababu. Nilikuwa najua dalili peke yake. Jua lilipopanda nilichota kwa upawa, nikachukua moja la njano nikalibinya kwa kidole gumba, likapasuka. Nikachukua jeusi, nikalibinya, likaruka kutoka vidoleni na kugonga ukuta.

Wifi, aliyebaki nyumbani kunisaidia, aliliokota, akalitia kinywani, akalitema.

"Hili ni jiwe, wifi," alisema.

Nilichochea moto. Niliongeza maji ya moto, si ya baridi, kwa sababu maji ya baridi huyarudisha nyuma. Nilifunika chungu na kuweka jiwe juu ya kifuniko. Kila nilipofunua, ya njano yalikuwa yamelainika zaidi na meusi yalikuwa vilevile. Nje, kivuli cha mkaratusi kilikuwa kimejikusanya karibu na shina. Kutoka jarubani tulisikia watu wakiimba kwa kupokezana, kisha tukasikia wimbo ukilegea, kama unavyolegea watu wakianza kufikiria chakula.

Wifi alisogea karibu na kunong'ona, ingawa hakukuwa na mtu mwingine nyumbani. Aliniambia niyatoe meusi yote, niyamwagie kuku, niunge ya njano nipeleke. Nani atahesabu?

Nilifikiria jambo hilo kwa makini. Njia hiyo ingekipeleka chakula kwa wakati. Lakini meusi yalionekana. Ndiyo maana nyumba ile ilitunza meusi na si mengine. Mama mkwe angeinama kwenye bakuli lake ayatafute, na asipoyaona angejua kwamba nimeutoa mkono wake chunguni. Mafiga hayangekuja, si mwaka ule wala mwingine. Nikiyaacha magumu, kikundi kizima kingetafuna mawe, na mafiga pia hayangekuja. Na nikisema wazi kwamba akiba yake ndiyo iliyochelewesha chungu, ningekuwa mkamwana aliyemshitaki mama mkwe mbele ya majirani. Kila mlango niliougusa ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Kilichobaki kilikuwa muda, na muda ulikuwa mikononi mwa watu walioko jarubani.

Nilimwambia wifi akoke moto mwingine kwa mawe ya kufulia, abandike sufuria ndogo, na aanze kuokota meusi mojamoja. Si kwa kuyatupa, nilimwambia. Yachemke peke yake na kipande cha magadi. Magadi yangeyaharibu ya njano yawe uji wenye ladha ya sabuni, lakini meusi pengine yangekubali. Kisha nilifunga khanga vizuri nikaenda jarubani.

Walikuwa tayari wameinua migongo. Wengine walikuwa wanashuka mferejini. Nilipiga magoti kwenye tuta, nikawaamkia, wakaitikia huku wakiangalia nyuma yangu kutafuta beseni la ugali.

Kiongozi wa kikundi alikuwa mzee mwembamba, jirani yetu wa upande wa kanisani. Alikuwa na tabia ya kunyamaza kwanza kabla ya kuuliza.

"Bibi harusi, umekuja mikono mitupu?"

"Maharage bado, baba."

Vicheko vilipita kwenye tuta. Mwanamke mmoja alisema labda huko mjini kwetu maharage huletwa na treni yakiwa yameiva. Kijana aliyesimama na matope mpaka magotini aliuliza kama nimepika maharage au nimepika mchanga wa mto. Mume wangu alikuwa miongoni mwao. Aliinama akaanza kufunga upya fungu la miche lililokuwa limekwisha kufungwa.

Mzee hakucheka.

"Moto uliwasha lini?"

"Alfajiri, baba. Nyie mlipokuwa mnapita."

"Ni kweli, niliona moshi. Sasa maharage gani hayo, ya kubandikwa alfajiri na mpaka saa hizi hayajaiva?"

Mama mkwe alikuwa bado ndani ya jaruba, ameinama peke yake, wenzake wote wakiwa wamesimama. Alikuwa na fungu la miche mkono wa kushoto na mche mmoja mkono wa kulia, na mche ule hakuupandikiza. Uso wake sikuuona. Niliona mgongo wake tu, na ule mkono juu ya maji.

"Ni mimi, baba," nilisema. "Nawaomba jaruba moja."

Jaruba moja ni kazi. Watu waliguna. Kijana wa matope alisema tumbo lake halijui majaruba. Mzee aliangalia jua, akaangalia mafungu ya miche, akamwangalia mama mkwe, ambaye bado hakuinuka. Kisha akaingia majini yeye kwanza.

"Jaruba moja," alisema. "Hili hapa la pembeni. Likiisha tunanawa, chakula kiwepo kisiwepo."

La pembeni ndilo lilikuwa dogo kuliko yote. Sikujua kama alinihurumia au alinipima.

Nilirudi mbio. Wifi alikuwa ameokota meusi mengi lakini si yote, na sufuria ndogo ilikuwa inatoa povu la kahawia. Nilitenga kazi mbili kichwani nikazifuata. Katika chungu kikubwa niliponda sehemu ya maharage ya njano kwa mwiko mpaka mchuzi ukawa mzito. Kwenye kikaango nilikaanga vitunguu kwa mawese mpaka kingo zake zikageuka rangi, nikatia nyanya, nikaziacha zikauke kabisa, kwa sababu nyanya yenye maji hupoozesha maharage. Nyanya chungu nilizipasua nusunusu. Majani ya maboga niliyaacha ya mwisho. Pilipili nilizitwanga na chumvi, nikaonja kwa ncha ya ulimi, maana pilipili ikizidi hakuna namna ya kuitoa.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza jarubani. Wimbo ulikuwa umerudi, wa haraka.

"Wanakimbiza," alisema. "Wanataka wakukute."

Nilibinya jeusi. Liligawanyika, lakini katikati palikuwa na kiini cheupe. Nilisubiri, nikabinya jingine. Hili lilikubali. La tatu likakataa. Wimbo ulikatika. Nilimwaga maji ya magadi, nikayasuuza meusi kwa maji ya moto, nikayarudisha kwenye chungu kikubwa, nikatia kilichokaangwa, majani na pilipili, nikageuza mara chache tu. Wifi alibeba ugali aliokuwa ameusonga mapema. Mimi nilibeba chungu kichwani kwenye kata, na joto lake lilinishuka mpaka shingoni.

Tuliwakuta wanakung'uta maji mikononi.

Mama mkwe alipakuliwa kwanza, ndivyo ilivyokuwa. Niliona mchuzi mwekundu wa mawese, kijani cha majani, na meusi yake juu, yanaonekana vizuri. Alimega tonge, akachota, akatafuna. Wengine walikuwa bado wanapokezana mabakuli. Mimi nilikuwa nimepiga magoti karibu naye, na nililisikia. Jino lake liligonga kitu kigumu, sauti ndogo kama ya kokoto chini ya kiatu.

Hakutema. Alilitoa haragwe kwa vidole viwili, akalifuta, akalitazama, akalibinya kwa ukucha. Kisha akachukua jingine jeusi bakulini akalibinya pia. Lililainika. Akalinusa. Magadi yana harufu ambayo mpishi mzee hawezi kuikosa.

Mzee wa kikundi alikuwa anakula kwa haraka, jasho la pilipili limemtoka kwenye pua. Aliinua jicho.

"Haya meusi ni ya nani?"

Niliangalia chini.

"Ni yangu," alisema mama mkwe. "Ya mtungini. Mkamwana aliwahi. Yaliyochelewa ni haya."

Alilitupa lile gumu mferejini.

Mzee aliendelea kutafuna, akameza, kisha akasema basi jaruba lile la pembeni wamempandikizia mama mkwe, na zamu ijayo atawalipa kwa kuimbisha. Watu walicheka, na safari hii kicheko hakikunielekea. Yule kijana wa matope aliomba aongezewe, akalalamika kwamba mjini wanatia pilipili kama wanaua nyoka, akaomba tena. Mama mkwe alikula bakuli lake lote. Kila jeusi alilibinya kwanza kwa ulimi, niliona shavu lake likifanya hivyo, na hakutema hata moja.

Jarubani walimaliza miche yote.

Hakunisemesha jioni ile wala siku iliyofuata. Nilianza kuamini kwamba nimeaibisha nyumba kwa njia ambayo sikuielewa. Wifi naye hakujua. Kisha asubuhi moja nilikuta mama mkwe uani, anasukuma jiwe kwa mguu kuelekea upande wa nyumba yetu. Mengine mawili yalikuwa yamekwisha kufika. Nilitaka kumsaidia, akanikataza kwa mkono. Alichimba vishimo kwa jembe, akayapanga, akayatikisa kuona kama yanacheza, akarekebisha moja. Akaniambia upepo hapo unatoka upande wa kisima, kwa hiyo nizibe huko. Akaenda.

Mama yangu alikuja baada ya mavuno. Alikula kwangu.

Desturi ya kiganja haikuisha. Zamu ya kikundi iliyofuata nilibandika chungu kwenye mafiga yangu, na alfajiri mama mkwe akaja, jembe begani. Safari hii hakuja na mkono uliofumbwa. Alikuja na bakuli lenye maji, na ndani yake maharage meusi yaliyolowekwa tangu jana yake, yamevimba, majivu yote yametoka. Aliyamimina chunguni bila kunitazama. Nilisogea kando ya moto ili mkono wake ufike.