Kuridhika Si Kunyamaza

Hadi leo mtu akiniambia niridhike, damu hunichemka.

Ilianzia kwenye makao ya wazee ninakofanya kazi ya uuguzi, hapa Rooty Hill, huku ughaibuni. Meneja wetu alitaka kila mfanyakazi aliyetoka nchi nyingine alete neno la kwao la utulivu wa moyo, libandikwe ukutani mwa chumba cha chai. Mfilipino akaleta lake, Mnepali lake. Mimi, kwa kiherehere changu, nikaleta kuridhika. Nikamweleza meneja vizuri: neno lina asili ya Kiarabu, ni ndugu wa radhi. Kwetu mtu haridhiki peke yake kama jiwe. Kwanza wazazi wampe radhi, naye akubali alichopewa kwa hiari yake. Ndipo moyo hutulia.

"Lovely," akasema, kisha akaandika chini ya neno langu: Kufurahia kidogo ulicho nacho. Nilinyamaza. Hilo ndilo kosa langu, adabu zetu zile za kumwachia mkubwa amalize, hata akisema upuuzi.

Mwezi uleule mama alianza kudhoofika. Akanipigia mwenyewe: "Njoo nikupe radhi nikiwa bado na mate mdomoni."

Hakuwa akitania. Kwetu mzazi hukutemea mate kidogo viganjani, nawe ukajipaka usoni. Nilipoondoka nyumbani nilikuwa nikiwahi ndege, hata hatukufanya hivyo. Miaka tisa jambo hilo limenikera.

Nikaomba likizo ya wiki tatu. Meneja akasema rosta ya zamu imejaa, nisubiri Krismasi ipite. Nikamwambia kwamba mama hawezi kusubiri. Akatabasamu, akanyoosha kidole kwenye karatasi ukutani. "Remember your beautiful word," akasema.

Neno langu! Nililompa kwa mikono miwili! Ni dharau gani hii, mtu achukue maneno ya kinywani mwa mama yangu anifungie nayo mlango? Na mimi niliyekesha na wazee wake, niliyewaosha na kuwalisha, nimeambiwa nifurahie kidogo.

Saa ya mapumziko nilitoka nje, nikasimama kati ya magari, nikampigia mama kwa video. Nikamwambia wamenikatalia. Mama akaisogeza simu karibu, akaitemea mate mara mbili. Kwangu picha ikawa ukungu mtupu.

"Haya, mwanangu, nimekupa. Jipake. Uridhike."

Nikajipaka hewa usoni, mchana kweupe, na mwanamke aliyekuwa akifungua gari lake akanitazama. Nilijaribu kuridhika, Mungu anajua. Katika maisha yangu sikuwahi kumbishia mama.

"Hapana, mama," nikasema. "Sijaridhika. Nakuja."

Nikavua kitambulisho shingoni, nikaingia ndani kumwambia meneja atafute mtu mwingine wa zamu ya Jumatatu.