Paneli Niliyoificha Kwenye Mahindi

Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuweka sola mtaani kwetu, pembezoni mwa Songea. Niliuza mahindi ya msimu mzima pamoja na mbuzi wawili, nikanunua paneli moja, betri na taa nne. Mwaka ule majirani walileta simu zao kuchaji kwangu, na salamu zao zikawa na adabu kuliko zamani. Sikumtoza mtu. Nilitaka waje tu.

Kisha ukaja mradi wa ruzuku. Mwenyekiti wa mtaa alitutangazia kwamba nyumba isiyo na umeme wa aina yoyote italipiwa nusu ya bei ya sola, na nusu iliyobaki mwenye nyumba atailipa kidogo kidogo. Nilikuwa nimesimama nyuma ya watu, nikawakumbuka mbuzi wangu wawili. Kumbe ningesubiri!

Aliyeniumiza zaidi ni jirani yangu, mwalimu wa kike aliyehamishiwa kwetu kutoka Tunduru. Hakuwa na hata miaka miwili pale. Mafundi walimfungia paneli tatu, akanunua na friji ndogo, na wageni wangu wa simu wote wakahamia kwake. Kila asubuhi nikitoka kupiga mswaki, paneli zile zinanimulika usoni. Akiniambia, "Shikamoo mzee," naitikia huku natazama pembeni.

Mke wangu alinishangaa. "Kwani taa zetu zimepungua mwanga?"

"Hujui kitu wewe," nikamjibu.

Jumamosi moja, yeye akiwa kwenye mazoezi ya kwaya kanisani, nilipanda juu ya bati, nikaifungua paneli yangu, nikaificha ghalani chini ya magunia ya mahindi. Betri nikaisukumia uvunguni. Kisha nikaenda kujiandikisha kama mtu asiye na umeme.

Jioni mke wangu alibonyeza swichi, ikalia tu. Nilipomweleza, akaenda kutafuta kibatari.

Baada ya wiki mbili afisa wa mradi alikuja kukagua, dada mmoja mpole. Aliingia sebuleni, akainua macho darini. Taa! Akili yangu yote ilikuwa kwenye paneli, taa nikazisahau.

"Hizi zinatumia nini, baba?"

"Pambo tu," nikasema.

Akatoka nje. Mwalimu alikuwa anaanika nguo ng'ambo ya uzio. Afisa akamuuliza kama nimewahi kuwa na sola. Mwalimu alijua vizuri. Alipohamia, simu yake aliichaji kwangu. Nikangoja anichome.

"Muulize mwenyewe," akasema. "Huyu mzee ni mkweli."

Afadhali angenitukana. Nikajikuta nasema, "Ninayo. Iko ghalani."

Afisa alikata jina langu, akaniaga kwa heshima. Mimi na mke wangu tulipoyaondoa magunia, kioo cha paneli kilikuwa kimepasuka kona hadi kona.

Siku hiyohiyo mwalimu alimwambia mke wangu kwamba umeme wake unatosha, tuvute waya kutoka kwake. Nikakataa. Nilikataa wiki nzima, nikawa nakula ugali kwenye moshi wa kibatari kwa ukaidi wangu. Halafu nilikwenda shamba Madaba siku nne, na niliporudi nikakuta waya umepita juu ya uzio, taa zinawaka, mke wangu anachambua maharage kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Nenda kamshukuru," akasema.

Nilikwenda. Asante ilinitoka kwa shida, nikiwa nimekazia macho viatu vyangu. Mwalimu akaitika, "Karibu sana, mzee wangu," na wala hakuigusia ile siku ya ukaguzi.

Mpaka leo tunatumia umeme wake. Na mpaka leo nikimwona anapita na madaftari kwenda shuleni, kuna kitu kinanichoma kifuani. Namwombea heri, kisha narudia tena, maana ile ya kwanza naijua haikutoka moyoni.