Mke na Jina la Mumewe

Binti alisomea sheria Dar es Salaam. Ili awe wakili huku kwetu, ilibidi mama yake aape kwamba marehemu baba alikuwa Mkenya wa Msambweni.

Kwenye kaunta ya ofisi ya serikali, Kwale, karani akauliza, "Mumeo aliitwa nani, mama?"

"Baba yake huyu, mwanangu."

Binti akafungua mdomo. "Wewe nyamaza, anayeapa ni mama," karani akamkatiza, akicheka. "Mama, unamficha nani?"

Nilikuwa nyuma yao kwenye foleni. Kwetu mke hamtaji mumewe kwa jina, hata akishafariki.

"Mama, twende zetu. Nitafanya kazi hukohuko Dar."

Amefaulu sheria za watu. Hakuna iliyomkinga mamake.

Mama akajifunika uso kwa leso. Foleni nzima tukatazama sakafu.

"Nisamehe," akasema, "Hamisi."